Hasi Kwanza, Mwalimu

Gari langu lilipogoma asubuhi, likitoa sauti ya "tik, tik" kama saa ya ukutani, nilitoa hukumu papo hapo: betri imekufa. Mafundi hawako mbali, pale kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, ambako malori hayakosi ugonjwa. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimlipe mtu anifungulie nati mbili?

Nikapanda basi hadi Singida mjini, nikanunua betri mpya kwa shilingi 150,000. Nilirudi kwetu Iguguno nimeipakata. Jirani yangu kitini alikuwa amepakata jogoo. Tofauti ni kwamba wake alikuwa mwepesi na anajua kuwika.

Nyumbani watoto wa mtaa walishakusanyika. Nikawapa na somo: "Betri hii ni ya volti 12. Ina seli 6, kila moja volti 2 na ushei." Nikashika spana namba 10, nikaanza na chanya.

Ng'ambo ya ua wa minyaa, mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, akakohoa. "Mwalimu, hasi kwanza."

"Shikamoo, mzee," nikamjibu kwa adabu, nikaendelea kwa kiburi.

Mkia wa spana ukagusa bodi. Paa! Cheche zikaruka, nami nikaruka kuliko cheche, nikatua juu ya magunia ya alizeti. Bodi nzima ya gari imeungwa na hasi. Jambo hilo nalifundisha kila mwaka. Watoto wakapiga makofi. Halijapata kutokea somo langu likaeleweka na darasa zima kwa mkupuo.

Nikafungua hasi kwanza, nikafunga hasi mwisho, gari likanguruma. Betri kuukuu nikamuuzia mzee kwa shilingi 10,000, huku nikimwonea huruma.

Yeye hakusema neno. Akamwagia maji ya moto ule unga mweupe uliojaa kwenye vichwa vya betri, akasugua kwa mswaki mkuukuu, akapaka grisi, akaiunga na sola yake. Jioni taa zikawaka. Kumbe betri ilikuwa nzima. Unga ndio ulioziba njia ya umeme.

Siku hizi umeme ukikatika, mtaani kwetu nyumba moja tu ndiyo inayong'aa. Mke wangu hutazama upande ule, kisha huniuliza taratibu gizani: "Mwalimu, marehemu wako hajambo?"