Barua ya Wazi kwa Kampuni Yangu ya Bima: Pongezi kwa Jicho la Mkadiriaji

Isikizya,
Wilaya ya Uyui,
Tabora.

Kwa Mkurugenzi wa Madai,
Kampuni ya Bima (jina mnalijua wenyewe).

YAH: PONGEZI KWA KUGUNDUA KWAMBA KISICHOONEKANA HAKIPO

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeipokea barua yenu ya kukataa kutengeneza sehemu za ndani za gari langu, Toyota IST, lililogongwa ubavu wa mbele kushoto na Fuso lililokuwa limesheheni marobota ya tumbaku. Nimeisoma kwa heshima inayostahili. Mmeandika kwamba uharibifu huo “haukuonekana wakati wa ukaguzi wa awali, hivyo hauhusiani na ajali.” Sentensi moja tu, na wanafalsafa wote wamepata likizo.

Niruhusu kwanza nimsifu mkadiriaji wenu wa hasara. Alikuja na viatu vyeupe, akaomba gari lisogezwe chini ya mwembe kwa sababu jua lilikuwa kali, akapiga picha pembe zote nne na ya tano ya namba ya gari. Hakuchuchumaa. Hakufungua boneti, maana ilikuwa imekwama, na yeye si mtu wa kulazimisha mambo. Akaandika: bampa, taa ya kushoto, fenda, rangi. Akaaga. Ukaguzi wenyewe ulikwisha kabla chai niliyomwagizia haijapoa.

Gari likaenda gereji. Fundi alipolivua bampa, ile plastiki mliyokubali kuilipia, akakuta chuma kilicho nyuma yake kimebonyea, sapoti ya rejeta imepinda, na mguu wa chesesi wa kushoto umekunjamana. Akaniita nitazame. Pale mkunjoni rangi ilikuwa imepasuka na kubanduka, na chuma kilichobaki wazi kilikuwa king'avu bila chembe ya kutu. Sihitaji digrii ya uhandisi kujua kwamba chuma kilichopinda mwaka juzi hakiwi na sura ile.

Na hakuna mwujiza hapo. Bampa la gari la siku hizi ni plastiki. Likigongwa hubonyea, kisha hurudi karibu na umbo lake. Kishindo hakirudi nalo. Kinapita kwenye chuma cha ndani na kuishia kwenye miguu ya chesesi, ambayo imeundwa makusudi ikunjike ili mbavu za dereva zisikunjike badala yake. Kwa hiyo sura ya nje inaweza kudai mkwaruzo wakati ndani gari limevunjika. Ukilipaka rangi na kuliachia barabarani, usukani utakaa upande, litavuta kushoto, tairi litalika upande mmoja, na siku likigongwa tena, mguu uliokwisha kukunjika hautakuwa na cha kukunjika.

Nilipowaeleza hayo, mkaleta sababu ya pili: “uchakavu wa kawaida unaotokana na ubovu wa barabara.” Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: barabara hii inayochakaza mguu wa kushoto tu, upande uleule uliogongwa na Fuso, ipo wilaya gani? Halmashauri ingependa kuijua.

Na uharibifu wa kujificha ndani si jambo geni kwetu: mkoa huu haukuanza leo kupokea mizigo iliyofungwa. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa Unyanyembe, wapagazi wakiwa wamebeba karibu frasila mbili kila mmoja: merikani, kaniki, shanga, masango. Njiani kulikuwa na mito na mvua. Mtumba ukilowa, juu hukauka kwa jua la siku moja huku vitambaa vilivyo ndani yake vikioza. Mfanyabiashara aliyetaka kujua hasara yake alikata kamba akafungua. Sisi tumeendelea: tunapiga picha kamba.

Sasa tuje kwenye fedha, lugha tunayoelewana. Gari langu mlilithaminisha wenyewe kuwa la shilingi milioni 12. Bima kubwa kwa gari binafsi ni asilimia 3.5, yaani 420,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake: jumla 495,600. Ningetaka bima ya mtu wa tatu, ningelipa 118,000 na kutegemea dua. Nililipa zaidi ili ajali ikitokea, nirudishwe pale nilipokuwa kabla yake, si juu wala chini. Hiyo ndiyo kanuni ya fidia. Haikuandikwa popote kwamba nitarudishwa hadi pale jicho la mkadiriaji lilipoishia.

Mnapenda sana kutukumbusha nia njema: mteja aseme kila kitu, asifiche hata ajali ya bajaji ya mjomba. Ni sawa. Lakini mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, katika kesi ya Carter na Boehm, alieleza kuwa nia njema inazibana pande zote mbili za mkataba wa bima. Nimefungua gari, nimewaita mje kuangalia, fomu ya ukaguzi ya polisi mnayo. Upande wangu umemaliza kusema. Wa kwenu bado unapiga picha ya bampa.

Kwa kuwa wahenga walisema nyumba njema si mlango, naomba yafuatayo:

1. Mkadiriaji arudi, ikiwezekana mwingine, avae viatu vya kazi, akague gari likiwa limefunguliwa na fundi akiwepo.
2. Mkikataa tena, mniandikie ni kifungu gani cha mkataba kinachosema uharibifu uliojificha haulipwi. “Haukuonekana” si kifungu.
3. Ile hati ya kukubali malipo ya mwisho mliyoniletea nisaini, mkisema ni utaratibu tu, ipo mezani bila saini. Nawashauri na wateja wenzangu: ukishaisaini kabla gari halijafunguliwa, umewasamehe hata usichokijua.

Msipojibu, nitapeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima, TIRA, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ambayo Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliiweka kwa ajili ya watu wa aina yangu na barua za aina yenu. Nitaambatisha picha za chesesi. Nao wasipoiona, nitawapeleka gereji waishike kwa mkono.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, mwenye bima kubwa

Nakala:
Kamishna wa Bima, TIRA
Msuluhishi wa Migogoro ya Bima
Fundi, aibandike ukutani gereji, wateja wasome kabla ya kusaini