Mjomba Anajua: Sayari Tupu ya Mbagala

*Shikamoo Mjomba. Naandika riwaya ya sayari ya kubuni. Wanyama ninao tele, ila ardhi imenishinda. Milima nimeiweka, nimeifuta, nimeiweka tena. Nianzie wapi? – Mwenye Sayari Tupu, Mbagala.*

Marahaba, mpwa wangu. Umebahatika, maana umemwandikia mtu ambaye ameshaumba sayari. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa jiografia alituagiza tuchore ramani ya Tanzania, nami nikachora kitu ambacho yeye mwenyewe alikiri mbele ya darasa kwamba hakijapata kuonekana duniani. Alinipa 11 kwa 100. Ramani ile ninayo hadi leo, imebandikwa juu ya friji, na mke wangu anangoja nisafiri tu.

Haya, shida yako. Unachora mlima kwanza, halafu unazunguka na mnyama mkononi ukitafuta pa kumpachika. Umenunua kiatu, sasa unatafuta mguu. Mwite mnyama kwanza, umuulize: unakanyaga nini, unakula nini, na adui akija unakimbilia wapi? Akishajibu, ardhi imeshajichora. Hili nililigundua mimi. Kama umewahi kulisikia kwingine, basi aliyelisema alikaa nyuma yangu kwenye daladala.

Tuanze na heroe mdogo, yule ambaye mjini mnamwita flamingo. Kabla hujaendelea kusoma, nenda sokoni ukanunue magadi, yale ya kulainishia maharage. Weka punje moja ulimini. Umekunja uso? Vizuri, sasa umefika Ziwa Natron. Ziwa lile halina mto wa kutokea. Maji yanaingia kwa mito na chemchemi za moto, jua linayanywa, magadi yanabaki. Pembeni umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao lava yake hutoka nyeusi kama oili chafu ya gereji, kisha ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ukiiandika hiyo kwenye riwaya, mhariri wako atakwambia umezidisha chumvi. Mwambie ni magadi.

Na hapo ndipo heroe anapotaga. Anafinyanga kichuguu cha tope, anaweka yai moja juu yake, anatulia. Fisi anasimama ukingoni anameza mate, kwa sababu tope lile linadidimia na linachoma. Mahali ambapo mimi na wewe tusingekaa hata dakika tano ndipo panapoanguliwa karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo usiogope kuweka mahali pabaya katika sayari yako, kuna mtu atapaita nyumbani. Sentensi hiyo nakuruhusu uitumie, mradi jina langu liwe kubwa kuliko lako.

Nimekumbuka shemeji yangu. Alinunua kiwanja, akapanda miembe kumi na miwili, nikamwambia chimba kwanza uone chini kuna nini. Hakunisikia. Miembe ilisimama mwaka mmoja kama watu wanaosubiri pensheni, kisha ikalala. Namtaja kwa sababu kosa lake ndilo siri ya nyumbu. Kusini mwa Serengeti kuna nyasi fupi hadi macho yachoke, na mti wa kufungia mbuzi huuoni. Volkano za nyanda za Ngorongoro zilimwaga majivu pale, na chini ya majivu pakagandamana tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi. Lakini nyasi za majivu hayo zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji, na uwanda ulio wazi humfanya simba aonekane mapema. Ndiyo maana nyumbu huzalia huko, wengi wao karibu Februari, wakati mvua ipo. Mvua ikikata, maji yanakwisha, na wanyama zaidi ya milioni moja wanafunga safari. Msafara wote ule, ambao watu wanapanda ndege kuja kuupiga picha, umeanzia kwenye udongo. Shemeji angenisikiliza, leo angekuwa anafuga nyumbu.

Ukitaka mawe, muulize pimbi. Yule mnyama mdogo kama sungura, ambaye ni ndugu wa tembo (usibishe, nimeshabishana na watu wazima na nikashinda), ana nyayo zenye unyevu zinazoshika jiwe wima. Hukojoa mahali palepale miaka nenda rudi hadi jiwe linaweka michirizi myeupe. Usisahau michirizi hiyo. Sayari isiyo na choo cha mtu yeyote haiaminiki.

Kosa lako la mwisho, ambalo hukuniandikia ila nimelihisi, ni kutaka kila kitu kiwe kikubwa. Chura wa Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, ana urefu usiofika sentimita tatu na huzaa watoto badala ya kutaga. Nchi yake yote ilikuwa kama hekta 2 za manyasi yaliyolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Aligunduliwa 1996. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 mamia ya vyura hao wakasafirishwa Marekani kutunzwa, na waliobaki wakapatwa na ugonjwa wa ukungu. 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. 2012 walianza kurudishwa nyumbani, pakiwa pameshafungwa mabomba ya kuwanyunyizia. Ulimwengu mzima unategemea kama maji yanaruka au hayaruki! Hapo sikuwa na la kujisifu, nikanyamaza siku nzima. Mke wangu aliandika tarehe.

Mhariri ananionyesha saa. Basi, kwa kifupi: chagua wanyama watatu, usizidishe. Mmoja akupe ziwa, mmoja akupe uwanda, mmoja akupe jiwe. Mlima uweke pale tu ambapo kuna mtu anauhitaji. Mji mkuu uuite Mjombani.

Wengine mnaoniandikia, andikeni upande mmoja wa karatasi. Na yule wa Tandika anayeuliza habari za mama mkwe wake, jibu lako ni hilohilo la fisi.