Kioo Wametoa, Bei Wamepandisha

Mfyuu! Kamera mbili, mwili mmoja, kihisi kilekile, halafu ile isiyo na kioo nyuma ndiyo iliyouzwa ghali. Na watu walinunua! Mwaka 2015 Leica walitoa M ya namba 262, Marekani ikauzwa dola 5,195. Mwaka uliofuata wakatoa ndugu yake, M-D, wakakifuta kioo chote, wakaweka bei ya dola 5,995. Dola 800 za kutoiona picha uliyopiga! Hapa kijiweni kwetu Kariakoo, ambako mpiga picha wa harusi akichelewa kumwonyesha bibi harusi picha yake anatafutiwa maneno na mashangazi, mtu akisikia habari hiyo anatua kikombe cha kahawa kwanza, ndipo anasonya vizuri.

Lakini ngoja. Kabla hatujawacheka, tusikilize wapenzi wa kamera hizi wanagombania nini, yaani kamera rahisi ni ipi, maana ugomvi wenyewe una akili ndani yake.

Kwa asiyezijua, hizi Leica za M ni renjifainda, yaani kamera ambayo huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati yake kuna kijiraba king'avu kinachokuonyesha kitu kimoja mara mbili, kimoja kimehama kidogo. Unazungusha lenzi kwa mkono mpaka viwili vinalaliana, hapo fokasi imekaa. Hakuna cha kujifokasi yenyewe. Leica M3 ilifanya hivyo mwaka 1954, na M11 ya 2022, yenye megapikseli 60 na iliyotoka kwa bei ya dola 8,995 kabla hujanunua lenzi, inafanya vilevile. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni zaidi ya milioni 20. Kiwanja hicho, jamani, na kibanda juu yake.

Enzi za filamu ugomvi haukuwepo, kwa sababu hakukuwa na cha kugombania. Pete ya apacha ipo kwenye lenzi, gurudumu la spidi lipo juu, mkono wa kuvutia filamu upo kwenye kidole gumba. ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, hukuichagua kila saa. Ilikuja na filamu uliyonunua, na ukishaipakia unaishi nayo mpaka picha 36 ziishe. Dijitali ikaja ikaivuruga hesabu hiyo. Sasa ISO inabadilika picha kwa picha: dakika hii uko juani nje ya kanisa, dakika ijayo uko ukumbini na MC kashazima taa. Na hapo ndipo mafundi wa Leica walipojikwaa. Kwenye M9 ya 2009 ulitakiwa ushikilie kitufe cha ISO nyuma, uzungushe kigurudumu, uangalie kioo, na wakati huo huo bibi harusi keshaingia, keshakaa, keshaanza kulishwa keki.

Swichi nayo ilikuwa vituko. Ya M8 na M9 ilikuwa na vituo vinne: kuzima, picha moja moja, picha mfululizo, na kile cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha. Mkono ukiteleza kidogo tu unafyatua, kamera haipigi, inapepesa kitaa. Inakusubiri ukimbie ukajipange mbele yake! Halafu M 240, iliyoingia sokoni 2013, ikaongeza video, na kitufe chake wakakipachika juu kabisa, jirani na cha kufyatulia. Nani aliomba video kwenye renjifainda? Wapo walioomba, sikatai. Lakini waliosonya walikuwa wengi zaidi, na M10 ilipokuja Januari 2017 video haikuwemo.

Hiyo M10 ndiyo ninayoitetea, na hapa kijiweni nimebaki peke yangu. Nyuma vitufe vitatu tu: cha kuona moja kwa moja kupitia kihisi, cha kutazama picha, na cha menyu. Swichi ni kuwasha na kuzima, basi. Na pale kushoto juu, mahali ambapo kamera za filamu zilikuwa na kirungu cha kurudishia filamu, wameweka gurudumu la ISO.

Kuna kijana hapa kijiweni mwenye kamera ya Kijapani ya fokasi ya haraka, ananicheka. "Mzee wangu, gurudumu lenyewe mpaka ulivute juu ndipo lizunguke. Jicho likiwa kwenye kidirisha hulifanyi hilo." Kweli, halifanyiki kirahisi. Fuji nao walijaribu ujanja wa namna hiyo kwenye X-Pro2 ya 2016, wakaificha ISO ndani ya gurudumu la spidi: nyanyua pete ya nje, zungusha, usome namba kwenye kitundu kidogo kama tundu la kifungo. Wapo wanaoisonya mpaka leo. (Na zile Fuji msinitajie kwenye hesabu hii, sura ni ya renjifainda, ndani hakuna kile kijiraba cha kulalisha picha mbili.)

Ila kijana hajaona jambo moja. Ichukue M10 ikiwa imezimwa, iweke mezani, itazame kwa juu. Apacha unaiona. Spidi unaiona. ISO unaiona. Kabla ya kuiwasha umeshajua picha ya kwanza itatokaje, na unaweza kuyarekebisha yote matatu ukiwa unatembea kuelekea ulikoitwa. Dereva wa daladala haangalii gia. Mkono unajua ya pili iko wapi. Hicho ndicho wanachokililia watu wanapotaka kamera "rahisi". Uchache wa vitufe peke yake haukupi hilo. Kamera ya kitufe kimoja chenye kazi kumi na mbili ni ngumu kuliko ya vitufe kumi na viwili, na aliyewahi kuitafuta mipangilio ya flashi gizani, menyu ndani ya menyu, anajua nasemea nini.

Sasa turudi kwenye hizi zisizo na kioo. Ile M-D bei yake inaniudhi, lakini nitaisifia kitu kimoja: ilikuwa mkweli. Mahali pa kioo waliweka gurudumu la ISO. Menyu hakuna, faili ni ghafi za DNG tu, Wi-Fi hakuna. Unapiga, unakwenda nyumbani, ndipo unaona umefanya nini. Ukitaka adhabu, hiyo ni adhabu kamili isiyo na dhamana.

Halafu mwaka 2018 wakatoa M10-D. Kioo hakuna tena, sawa. Lakini ndani yake wametia Wi-Fi, na ukitaka kugusa mipangilio unafungua programu ya Leica kwenye simu. Yaani menyu haikufutwa, imehamishiwa mfukoni! Ulikuwa na kioo kimoja mkononi, sasa unacho kwenye simu, na simu hiyo hiyo ina WhatsApp ya kamati ya harusi, ina mkopo unaodai, ina shemeji anayeuliza mmefika wapi. Huo ndio utulivu uliouziwa. Pixii, kamera ya Wafaransa wa Besançon, nayo haina kioo nyuma na inategemea simu, ingawa angalau wao tangu mwanzo waliiunda hivyo na hawakujifanya ni ya babu.

Na M10-D ilijifanya ya babu kwelikweli. Juu yake wameweka mkono unaofanana na wa kuvutia filamu. Unauvuta kwa kidole gumba, unatoka vizuri. Unavuta nini? Huvuti chochote. Ni egemeo la kidole. Mfyuu!

Lakini Epson, watu wa printa, mwaka 2004 walitoa R-D1, renjifainda ya kwanza ya kidijitali duniani, megapikseli 6, mwili umeundwa na Cosina. Nayo ilikuwa na mkono wa kuvuta, na wengi walidhani ni mapambo. Kumbe shata yake ilikuwa ya kimakanika, lazima uitie ufunguo kwa mkono kabla ya kila picha, kwa hiyo mkono ule ulikuwa na kazi. Juu wakaweka saa ndogo yenye mishale: mmoja picha zilizobaki, mwingine betri, mwingine rangi ya mwanga, mwingine ubora wa faili. Unaangalia mara moja, umejua yote. Na kioo cha nyuma ukikitaka kipo, ukikichoka unakigeuza kinatazama ndani, unabaki na mgongo wa ngozi. Kuwepo au kutokuwepo kwa kioo waliliacha kwako wewe, na hawakukutoza ada ya kukinyima. Miaka yote hii imepita na bado sijaona jibu bora la ugomvi huu.

Wenye Leica wenyewe, usidhani wanajua wanachotaka. Tangu M8 mpaka M10, ukitaka kubadilisha betri au kadi ulifungua kitako chote cha chuma, ukakishika kwa meno au ukakidondosha barabarani. Kitako hicho kilikuwa cha kupakia filamu, na filamu haimo. M11 ikakiondoa: betri inachomoka moja kwa moja, na ndani kuna hifadhi ya gigabaiti 64. Wakalia! Eti mila imevunjwa. Hilo si la urahisi hata kidogo, ni la mtu kupenda usumbufu aliouzoea, na angalau aliseme hivyo.

Na Oktoba 2025 ikaja M EV1, ambayo kile kijiraba chenyewe kimeng'olewa, ndani ya kidirisha mna kioo cha umeme. Kelele hizo! Kijana wangu ananitazama akitegemea nisonye. Sisonyi. Mwenye miaka sabini na lenzi alizozinunua ujanani haoni tena picha mbili zikilaliana, na hii inamruhusu kuendelea kuzitumia. Ninachowauliza Leica ni kimoja tu: kwa nini juu ya hiyo EV1 hamkuliweka lile gurudumu la ISO?