Sifa za Bwana Kinyausi

Simba amesifiwa hadi amechoka. Leo tumsifu kinyausi, bwana asiyeonekana kwa macho, awezaye kulaza miche kitaluni kati ya magharibi na alfajiri bila kuvunja ua wala kumwamsha mbwa.

Tuanze na adabu zake. Mbuzi akiingia kitaluni hutafuna ovyo na kuacha kinyesi. Kinyausi hachafui. Hugusa shina mahali pamoja tu, pale linapokutana na udongo. Likalowa, likasinyaa, mche ukajilaza ukiwa na majani yake mabichi. Mingine huimaliza ardhini kabla haijachomoza, mkulima akabaki kumlaani muuza mbegu. Wala hana ubaguzi: awe mwenye nyanya Ilula, kabichi Lushoto au tumbaku Urambo, wote huwatembelea.

Nasaba yake ni ya kiungwana. Mjerumani Pringsheim alimwandika kwa jina la Pythium mwaka 1858, na kwa muda mrefu akahesabiwa kuwa ukungu. Kumbe kuta za seli zake ni za selulosi, na jamaa zake ni mwani wa kahawia wa baharini. Kwa hiyo zile dawa za ukungu zinazozuia utengenezaji wa mafuta fulani ya utando wa seli hazimpati, maana mafuta hayo yeye hayatengenezi. Mkulima kalipa, bwana kaoga.

Na kuogelea anajua! Vijimbegu vyake vina mikia miwili. Vikihisi sukari inayovuja kwenye mizizi michanga, huifuata ndani ya maji yaliyotanda udongoni. Pasipo maji havisafiri. Ni mgeni mwenye staha basi, haji mpaka aitwe, na waitaji ni sisi: kwa ndoo ya tatu ya jioni, kwa kusia mbegu kama anayelisha kuku, kwa kurudia tuta lile lile kila msimu. Kiangazi hakimtishi. Huacha vijimbegu vingine, vya ukuta mnene, vikalala udongoni hata miaka kadhaa vikingoja ndoo.

Dosari anayo moja, na haki isemwe: shina likishakomaa, mara nyingi humshinda. Ushujaa wake ni kwa wachanga.

Nawe ukimtaka, ndugu msomaji, usiinue tuta, usipunguze miche, na usingoje asubuhi kumwagilia. Atakuja.