Sifa za Sifuri Iliyofungwa

Miongoni mwa watumishi wote wa ofisi, kuanzia tarishi hadi mkurugenzi, hakuna anayestahili kusifiwa kwa uaminifu kuliko swichibodi, yaani mtambo unaounganisha simu za mezani za ndani ya jengo na laini chache zinazotoka nje, kwa kuwa huo ndio pekee usiojua undugu, usiopokea takrima, na usiomwonea haya mtu mzima aliyeshika mkonga na kubembeleza.

Nasaba yake ni ya heshima. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi huko Kansas City, Marekani, aliwashuku waendesha simu wa mji wake kuwa walimpelekea mshindani wake wafiwa waliomtafuta yeye, akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa binadamu na kuupatia hataza mwaka 1891. Chombo kilichozaliwa na shaka hakiwezi kulaumiwa kikimshuku karani wa masijala.

Shaka hiyo ina utaratibu wake. Kila simu ya ndani, ambayo maofisini huitwa ekstensheni, hupewa daraja la huduma, yaani mpaka wa namba inazoruhusiwa kupiga. Mpigaji hutanguliza tarakimu ya kutokea nje, mara nyingi 9, kisha mtambo huzipokea tarakimu zake moja moja na kutoa hukumu hata kabla hajazimaliza. Tanzania imeurahisishia kazi, kwa sababu simu ya mezani ya mji uleule hupigwa bila sifuri, ya mkoa mwingine na ya mkononi huanza na sifuri, Kenya hupigwa kwa 005, Uganda kwa 006, na nchi nyingine kwa 000. Basi anayeifunga sifuri amewazuia kwa mkupuo mmoja shangazi aliyeko Mwanza, mchumba mwenye simu ya mkononi na kaka aliyeko Muscat. Hakuna waziri wa fedha aliyewahi kubana matumizi kwa tarakimu moja. Kwamba fundi naye hawezi kumpigia mteja anayemsubiri, ilhali simu ya chumba cha mikutano, ambacho aghalabu hakina mtu, imefunguliwa hadi 000, ni uthibitisho kuwa mtambo huheshimu vyumba kuliko wapita njia.

Hata waliofunguliwa sifuri hunung'unika kwamba laini zote zina watu. Hao wangemsoma Agner Krarup Erlang, Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyechapisha mwaka 1909 hisabati ya simu zinazoingia kwa nasibu, ambayo ilifungua njia ya kukokotoa laini chache zinazowatosha watu wengi wasiopiga kwa wakati mmoja, na ambaye tangu mwaka 1946 kipimo cha wingi wa simu huitwa kwa jina lake. Mhasibu anayelipia laini nne kwa watu sitini huenda hajamsikia Erlang, lakini huwafundisha wenzake somo hilo kila siku saa nne asubuhi.

Ila somo lililonoga zaidi lilikuwa la zama za kufuli, pale simu ya kuzungusha ilipotiwa kufuli dogo katika tundu la kisahani chake na bosi akaondoka na ufunguo. Kisahani kinaporudi hukatiza umeme wa laini kulingana na tarakimu iliyozungushwa, mara tatu kwa 3 na mara kumi kwa sifuri, na kibonyezo kinacholaliwa na mkonga hukatiza umeme uleule. Hivyo watu wasiowahi kukanyaga chuo cha ufundi walijifunza kugonga kibonyezo kwa mapigo ya sawasawa, kama wapiga ngoma, wakiipata namba nzima huku kufuli likining'inia mahali pake bila mkwaruzo. Ufundi huo umekufa. Nafasi yake imechukuliwa na kuchungulia bosi anapobonyeza namba yake ya siri ya kuifungua sifuri, kazi isiyohitaji hesabu wala mdundo.

Upo ukatili mmoja tu ambao sifa hizi haziwezi kuufunika, na hapo mzaha hauna nafasi: mwaka 2013, katika hoteli moja ya Marshall, Texas, mtoto alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mara kadhaa mama yake akiuawa, na mtambo haukumpitisha kwa sababu hakujua kutanguliza 9. Marekani ikatunga sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika Februari 2020, kwamba mitambo mipya iruhusu 911 ipigwe bila tarakimu yoyote ya kutokea. Kwa Mtanzania namba ya dharura ni 112, na msomaji mwenye simu ya mezani kando yake amwulize fundi wa ofisi, leo, kama inapita bila 9.