Kana Imefungwa Kinyume

Pedi ya kuongozea roboti yetu tuliinunua kwenye kibanda cha gemu hapa Kilwa Masoko, alama za vitufe zimekwishafutika kwa miaka ya watu kufungana mabao. Kijiti cha kushoto hakikuwa kikirudi katikati vizuri, kwa hiyo roboti ilikuwa ikiondoka yenyewe bila kuaga. Hilo tulilimaliza upesi: tuliiambia programu ipuuze msukumo wowote ulio chini ya asilimia 10. Kazi ikabaki kwenye usukani.

Tukaanza na vijiti viwili, kila kimoja na magurudumu ya upande wake, kama kupiga makasia. Ili iende moja kwa moja, sharti vidole gumba vyote viwili visukume sawasawa, na vya kwangu havijawahi kukubaliana jambo. Roboti ikauzunguka mwembe mara tatu. Vijana wakaninyang'anya pedi kwa adabu: "Mwalimu, pumzika kidogo."

Tukahamia kijiti kimoja: mbele mwendo, pembeni kona. Mpwa wangu akaipeleka vizuri hadi ukutani. Balaa likawa kurudi. Roboti ikikugeukia, kulia kwake ndiko kushoto kwako; akaipandisha juu ya mkeka wa dagaa wa mama yake. Dada hakusema neno. Alichukua ufagio, akakaa nao mlangoni.

Ndipo akapita mjomba, nahodha wa mashua za Kisiwani.

"Lete."

Akakisukuma kijiti kulia akitaka kwenda kushoto, maana ndivyo kana, mpini wa usukani wa mashua, inavyofanya kazi. Roboti ikaelekea kwenye dagaa tena. Dada akasimama.

"Kana mmeifunga kinyume," mjomba akasema, uso mkavu.

Nikaongeza alama ya kutoa kwenye programu. Moja tu. Mjomba akaipeleka roboti mpaka mwembeni, akaigeuza, akairudisha hadi kwenye kandambili zake, haijagusa hata dagaa mmoja.

"Babu, kwani ikirudi huchanganyi kulia na kushoto?" mpwa wangu akauliza.

"Nichanganye vipi, na mimi nimo ndani?"

Lakini FIRST Global, mashindano ya roboti tunayoyaota, ambako kila nchi hupeleka timu moja, ni ya vijana wa miaka 14 hadi 18, na mjomba amepita 60. Nikamwomba amfundishe mjukuu wake. Amekubali, ila pedi hajaiachia tangu alasiri, na ameshauliza mara mbili nanga iko wapi.