Stendi ya Miguu Mitatu

Mke wangu hana ugomvi na kamera. Ugomvi wake ni na kuta. "Ukuta wa jikoni una ufa tangu mvua za mwaka juzi," aliniambia siku moja nikiwa napanga lenzi kwenye begi, "na wewe unafunga safari mpaka Muheza kutafuta nyufa za watu." Sikuwa na jibu la maana. Ufa wa jikoni kwetu haujaota mtini.

Nyumba ninazozifuata mimi ziko kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga: nyumba za mameneja zilizoachwa vilimani, maghala, korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zilizonyamaza, kambi za manamba ambamo sasa wanalala mbuzi. Mkonge wenyewe uliingia nchini 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Watu wakisikia habari hii humsikitikia. Mimi namwonea wivu. Nikipiga picha 1,000 zikapona 62, nachinja kuku.

Reli ya Mjerumani ilianza Tanga mwaka huo huo, ikafika Muheza 1896: miaka mitatu kwa kilomita 40 hivi. Basi letu la jioni lilijitahidi sana kuifikia rekodi hiyo. Nikalala Muheza, na saa kumi na moja alfajiri nikachukua bodaboda. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, alikaa kimya kilomita tatu nzima kabla ya kuniuliza kwa sauti ya pole, "Nani amefariki, mzee?" Nikamwambia hakuna, nawahi jua. Jua likiupiga ukuta kwa ubavu, kila kovu la plasta linatoa kivuli chake. Likishapanda, ukuta unakuwa bapa kama chapati. Hakunijibu, ila aliongeza mwendo, nadhani ili anishushe mapema.

Nyumba ilikuwa pale pale nilipoelekezwa, juu ya kilima, baraza imeizunguka pande tatu. Paa la sebule limeanguka. Mtini pori umeota juu ya mlango mkubwa, mizizi imeteremka ukutani kama nta ya mshumaa na kubana mawe, hata huwezi kujua kama ni ukuta unaoushikilia mti au ni mti unaoushikilia ukuta. Juu ya boriti moja iliyosalia alikaa hondohondo na domo lake kubwa, ananitazama kama karani aliyefuatwa nje ya saa za kazi. Nikatega stendi uwanjani, mbele ya baraza. Ina miguu mitatu kwa hesabu. Mmoja umevunjika na nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Hondohondo aliruka nukta ile ile niliyobonyeza. Nina picha nzuri sana ya boriti.

Nilikuwa narudi nyuma kutafuta nafasi ya kuiingiza nyumba yote nilipoyaona maganda: ya rangi ya dhahabu, yenye manyoya laini kama mahameli, yananing'inia kichakani na jua limeyapitia kwa nyuma. Nikapiga magoti. Nikasogea. Nikasogea tena, maana lenzi yangu ya vitu vidogo inataka usogee. Mimi nimekulia mjini. Upupu naujua kwenye misemo; sura yake sikuwahi kutambulishwa. Kikapita kiupepo kidogo.

Yaliyofuata sitayasimulia yote. Wenyeji waliponikuta, mwenyekiti wa kitongoji akiwa mbele na wazee wawili na vijana waliokuwa wakienda shamba, nilikuwa kifua wazi, najisugua mgongo kwenye nguzo ya baraza kama ng'ombe.

"Shikamooni wazee," nikasema, bila kuiacha nguzo.

"Marahaba. Unatafuta nini hapa?"

"Napiga picha tu."

Hilo "tu" ndilo lililoniponza. Mwenyekiti akauliza nani ananilipa. Nikasema silipwi. Wakatazamana. Anayelipwa unamjua bosi wake. Asiyelipwa ndiye wa kuogopwa. Mwenyekiti akanieleza kwa upole kwamba kama ni nyumba ninazipenda, yake iko barabarani, ina bati la bluu na madirisha ya alumini, niende nikaipige. (Nilikwenda. Ndiyo picha pekee ya siku ile iliyotundikwa ukutani kwa mtu.)

Mzee mmoja aliagiza majivu akaanza kunipaka mgongoni, na huku akipaka akawaambia wenzake kwa sauti ya chini, ila si ya chini vya kutosha, "Wamemwonya."

"Akina nani?"

"Wanaolinda."

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku watu wanaamini kwamba Mjerumani alipokuwa anakimbizwa na Mwingereza alifukia mali chini ya majumba yake, na mali hiyo ina walinzi wasioonekana. Uvumi wenyewe haukuota hewani: 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Tabora zilipigwa kweli sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Mtu mzima basi hatoki mjini gizani kuja kutazama ukuta. Hata mimi ningejishuku.

Nikaona niwatoe wasiwasi kwa ushahidi. Nikawapeleka kwenye ngazi, nikafagia majani kwa mkono, nikawaonyesha tarakimu ambazo fundi alizichora kabla saruji haijakauka: 1951.

"Wazee wangu, 1951 Mjerumani hayupo tena. Mashamba mengi huku yalikuwa ya Wagiriki."

Mzee wa majivu aliinama, akazipitia kwa kidole moja moja. Akainuka.

"Ndiyo ujanja wenyewe," akasema.

Nyumbani nilihesabu picha 412. Zilizofaa ni tatu, kwa kuwa nyingi zilipigwa na mtu anayejikuna. Mke wangu aliniangalia nilivyojaa majivu, akaniuliza kama nyufa nilizipata.

Nilirudi baada ya masika ya mwaka uliofuata, kuona kama mtini umeshinda. Umeshinda, ukuta wa mbele umelala chini. Ila kilichonisimamisha kilikuwa uwanjani. Mashimo matatu, yamepangwa pembetatu, yamekaribiana mpaka kingo zinataka kugusana, kila moja kina cha kiuno, yamejaa maji ya mvua na viluwiluwi. Niliyatazama muda mrefu kabla sijaikumbuka stendi yangu.

Mwenyekiti alikuja na uso wa mtu aliyedhulumiwa lakini ana adabu zake. "Vijana wamechimba wiki mbili," akasema. "Miguu yote mitatu. Hamna kitu."

Nikamweleza upya habari za mwanga, za kuta, za kupenda vitu vya kale. Alinisikiliza kama unavyomsubiri mgeni amalize uongo wake. Jua lilikuwa linapanda, nikafungua begi. Stendi ya zamani ilishakufa, mpira na yote. Safari hii nilikuja na ya mguu mmoja, nyepesi. Nikaikita kwenye nyasi chini ya mwembe.

Mwenyekiti akautazama ule mguu. Akautazama tena. Kisha, bila kuondoa macho pale ulipogusa ardhi, akamwita mtoto aliyekuwa karibu, akamnong'oneza akalete jembe.